Chupa ya saumu haizibui mshipa

Sina ugomvi na kitunguu saumu. Jikoni kwangu hakikosekani. Nagombana na chupa zinazopitishwa kwenye daladala za Mbagala, saumu na tangawizi na ndimu, muuzaji akiapa kuwa zinayeyusha mafuta na kuzibua mishipa.

Mimi ni mtu wa maabara ya patholojia. Nyama ikishagandishwa ndani ya nta, naikata vipande vyembamba mno, naipaka rangi, daktari anaisoma kwa hadubini. Kabla ya nta, sampuli hupita kwenye spiriti kali, kisha zailini, na humo mafuta yote huyeyuka. Yote! Kolesteroli iliyokuwa imeganda kwenye mshipa huacha nyufa tupu zenye ncha, na seli zilizokuwa zimeshiba mafuta hubaki na mapovu. Sasa tazama mshipa huo ambao mafuta yake nimeyayeyusha kwa kemikali ambayo hakuna anayeweza kuinywa: bado umevimba, bado ni mgonjwa.

Kwa nini? Kwa sababu uchafu haukuwa umeganda njiani kama masizi kwenye bomba. Umo ukutani, chini ya utando wa seli za safu moja. Presha, sukari na sigara huuchakaza utando huo, kolesteroli hupenya, na seli nyeupe za damu huifuata na kuibugia mpaka nyingine hufia humo humo.

Zinazonishangaza zaidi ni seli za misuli ya mshipa wenyewe. Kazi yake ni kubana na kulegeza. Ukuta ukishaugua, seli hizo huhama tabaka lake la kati, huacha kubana, huzaliana na kufuma kolajeni, yaani kifuniko cha kuzuia uozo usikutane na damu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba baadhi hubadilika hadi kufanana na seli zile zinazobugia mafuta. Nyingine hushika kazi za seli za mifupa na kuweka chokaa ukutani. Ndiyo maana kisu changu hukwaruza, na mara nyingine nalazimika kwanza kuloweka kipande kwenye asidi ili chokaa itoke.

Kifuniko kikipasuka, damu huganda hapo hapo, hata kwa mtu ambaye mshipa wake haukuwa umebanwa sana. Dawa za statini hupunguza kolesteroli inayopenya, na kifuniko huimarika polepole. Mshipa wa ujana haurudi.

Kuhusu chupa hizo, hapa Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ningetaka lidai ushahidi kwa kila anayeandika "inazibua mishipa" kwenye lebo, na limbane zaidi yule anayemwambia mteja aache vidonge vya presha akishamaliza chupa ya tatu. Jirani yangu aliambiwa hivyo, akaacha. Alimaliza chupa, presha ikabaki pale pale, inaendelea kuusugua ule utando.