Kima cha chini, deni la juu

Nimerudi salama kutoka kwetu Murukulazo, kule Ngara. Nimerudi na aibu yangu, lakini msinicheke.

Washikaji wangu wanajua nina kadi ya mkopo. Si ile ya kutolea pesa zako mwenyewe, la! Hii unatumia pesa za benki, halafu kila mwezi unaletewa taarifa ya deni. Nilipoipata nilijiona bosi. Simu mpya, kadi. Pamba kali, kadi. Kujirusha Ijumaa, kadi! Taarifa ikija nasoma mstari mmoja tu, ule wa kima cha chini cha kulipa: sh. 50,000. Nalipa, nalala usingizi mnono.

Basi, mdogo wangu wa kike kapata chuo, na aliyeahidi ada ni mimi. Nilipofika nyumbani, Mjomba, mwalimu mstaafu, akaniuliza baada ya chakula, "Mjomba, ile ada iko tayari?" Nikajiumauma weee, mwisho nikampa simu asome mwenyewe. Akavaa miwani, akafungua daftari lake la kahawa.

Deni langu sh. 1,000,000. Riba asilimia 3 kwa mwezi. Kima cha chini, asilimia 5 ya deni.

"Umelipa 50,000," akasema. "Riba imemeza 30,000. Deni limepungua 20,000 tu."

Akaendelea na kalamu yake hadi miezi 12, tena tukisema sinunui hata soda kwa kadi. Jibu lilinikausha mate. Nitakuwa nimelipa kama sh. 538,000, na bado nadaiwa karibu 785,000!

Akageuza ukurasa. "Na ungekaza mkanda, ulipe laki moja kila mwezi?" Deni lote linaisha katika mwaka mmoja hivi, jumla kama sh. 1,207,000. Jamani!

Mjomba akavua miwani. "Hii ni butura ya mjini."

Kwa wasioijua Kagera, butura ni mkulima kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa ana shida leo. Msimu ukifika anavuna na kuanika mwenyewe, ila gunia si lake. "Wewe," akasema, "mshahara wako umeshachumwa ungali maua."

Kwa hiyo mwenzangu mwenye kadi, taarifa isome yote. Tazama deni zima, riba iliyoongezwa, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa kawaida ukilipa deni lote kabla ya tarehe hiyo, manunuzi hayatozwi riba. Ila ukichomoa pesa taslimu kwa kadi hiyo, riba mara nyingi huanza siku hiyohiyo. Na kile kima cha chini kinakuepusha na faini tu, hakikutoi kwenye deni.

Nanyi wa mikopo ya simu, msinicheke. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kausha damu si ya wamama wa sokoni peke yao.

Mtauliza, na ada? Mdogo wangu ataanza chuo kwa kahawa ya Mjomba. Mzee wa watu hakunisema hata neno, kaniambia tu, "Mjomba, lipa kwanza lako." Afadhali angenichapa!

Kadi nimemwachia, kaifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Laki moja kila mwezi inaanza mwezi huu, na Ijumaa mtanikuta nyumbani nakula ugali na dagaa.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi harusi yangu mliiona. Tukutane wiki ijayo, mkinikuta mzima.