Maombi yasiishe wiki ya kwanza

Aprili 2024, Mto Mathare ulipovunja kingo, makanisa mengi Nairobi yalifungua milango. Waliopoteza nyumba walilala humo, wakalishwa, wakaombewa. Kabla mwezi uishe, maji yakasomba watu wakiwa usingizini kule Mai Mahiu. Huko pia tukaomba.

Kuomba ni sawa kabisa. Mama aliyezika mtoto hataki hotuba, na hasa hataki kuambiwa ati Mungu anamwadhibu. Anataka mtu wa kukaa naye, alie naye.

Lakini wewe kijana wa kanisa, hebu jiulize: ulirudi lini? Wiki ya kwanza sote tulikuwa huko na unga, blanketi na simu za kupiga picha. Mwezi wa nne je? Hapo ndipo aliyepoteza kitambulisho anazungushwa, mtoto hana sare, na aliyebomolewa nyumba kando ya mto bado anahangaikia kodi. Kamera zimeshaenda. Nasi tumeenda nazo.

Yakobo, kwenye waraka wake, aliwakemea waumini wanaomtakia mwenye njaa heri kisha wakamwacha aende hivyo hivyo. Hapo anatusema sisi.

Mvua itanyesha tena, hilo tunalijua. Basi kikundi chenu kichague familia moja tu, mwitembelee kila mwezi, mwaka mzima. Mkifika, ulizeni kwanza wanahitaji nini. Mkishasikia, mtajua pia mwaombee nini.