Wosia wa Mshua Haumaliziki kwa WhatsApp, Vijana wa Mjini Acheni Ujanja!

Jina kapuni, ila ubuyu ni wa moto. Kuna kijana mmoja wa mjini, wafuasi kibao Insta, kwao ni Ruanda, kule Mbozi mkoani Songwe. Mshua wake ana shamba la kahawa, nyumba ya familia na fremu mbili za biashara Tunduma. Kijana kapakua mfano wa wosia mtandaoni, kaujaza mwenyewe akiwa kwenye kochi Sinza, kautuma WhatsApp kwa mdogo wake. Ukaprintiwa steshenari, mzee hajui kusoma, akaweka dole gumba, ukapigwa picha, ukarudi Dar. Washkaji wawili wa hapohapo Sinza wakasaini kama mashahidi. Kazi imekwisha, nauli imeokolewa, stetasi ikapanda: "Tunamalizana kidijitali."

Hongera kwa bando. Ila kilichopatikana hapo ni picha ya dole gumba, basi.

Mirathi ikienda kimila, kanuni za wosia zipo tangu tangazo la Sheria ya Mila la 1963. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma, kama huyu mzee wa Ruanda, anahitaji wanne: wawili wa ukoo, wawili wa nje. Na mke aliyepo nyumbani naye lazima ashuhudie. Sasa hao washkaji wa Sinza walishuhudia nini? Walishuhudia simu!

"Si arekodi tu voice note?" Wosia wa mdomo upo kisheria, sawa, lakini nao unataka watu wanne wanaomsikia mzee akisema, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Sauti iliyotumwa kwa mtoto mmoja usiku, tena mtoto ambaye ndiye mrithi, ni mwaliko wa ugomvi. Kesho shangazi atasema mzee alikuwa anaumwa. Baba mdogo atasema alilazimishwa. Nani atawajibu?

Na hapa ndipo ujanja unapogeuka kuwa ubaya. Aliyejaza karatasi ndiye aliyejipa fremu za Tunduma. Mama, aliyechuma kahawa ile miaka yote, hakuitwa hata sebuleni. Wosia ukikataliwa, mzee anahesabika amekufa bila wosia, na hapo mama ndiye anayeumia kwanza. Kwa kanuni hizohizo za 1963, mjane hana fungu kama marehemu kaacha watu wa ukoo wake. Anabaki kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga waliondolewa majumbani mwao na ndugu za waume zao, wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kanuni hizo zinabagua, ila haikuzifuta. Kesi ikafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 ikasema Tanzania ilivunja haki zao. Miaka yote hiyo ya kuhangaika. Halafu mtu anakwambia nauli ya kwenda Mbozi ni kubwa!

Wapo watakaosema dunia imebadilika, Wazungu wanafanya kwa video. Kweli, England na Wales waliruhusu mashahidi kuangalia kwa video wakati wa korona. Lakini iliruhusiwa kwa sheria maalumu, ilikuwa ya muda, na ikakoma 31 Januari 2024. Hao wenye intaneti ya kasi wamerudi kwenye kalamu na watu waliokaa meza moja.

Hakuna anayesema simu itupwe. Simu ni nzuri kwa kazi yake. Piga video, muulize mzee ana nini na anataka nani apate nini, huku mama akiwa amekaa pembeni yake akisikia. Orodhesha viwanja, piga picha hati, tafuta ushauri wa mwanasheria, andaa rasimu. Hayo yote yanafanyika ukiwa kwenye kochi. Kama familia ni ya Kiislamu, kumbuka wosia hauvuki theluthi ya mali.

Ila siku ya kusaini, wapishe wenyewe. Asomewe mzee neno kwa neno na mtu asiyerithi kitu. Waitwe mashahidi, wasiwe warithi, wakae hapohapo Ruanda, waandike tarehe, wasaini wote wakimuona. Kisha wosia usiishie chini ya godoro. RITA, wakala wa serikali ulioanza 2006, huandika na kutunza wosia.

Na wale wa "kuandika wosia ni kujichulia", waulizeni ni mzee gani aliyewahi kuishi milele kwa sababu hakuandika. Wanaoogopa karatasi ndio haohao wanaoacha wanao wakifukuzana Mahakama ya Mwanzo, kila mmoja na skrinishoti yake.

Kijana wa Sinza bado ana muda, mshua yupo hai. Afute ile stetasi, akate tiketi.

Wewe unasemaje? Mama yako alikuwepo wosia wa kwenu ulipoandikwa? Dondosha maoni hapo chini.