Ganzi kabla ya safari ya Arua

Sisi wa Lobule, wilayani Koboko, Uganda, tunayajua maumivu ya safari ya rufaa. Aliyevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda akipewa rufaa ya Arua, anaanza na barabara ya vumbi hadi Koboko mjini, kisha zaidi ya kilomita 50 nyingine. Gari likiruka shimo, ncha za mfupa zinasuguana na mtu mzima analia kama mtoto. Panadol haifui dafu hapo.

Kinachosaidia ni ganzi ya neva kabla ya safari. Kwa altrasaundi, tabibu huiona neva ya paja kwenye kinena, kando ya mshipa unaodunda, na huiona sindano yake ikisogea. Dawa ya ganzi, bupivakeini, inadungwa kuizunguka neva. Ganzi hushika ndani ya nusu saa hivi na hudumu saa kadhaa, mgonjwa akiwa macho.

Lakini tabibu apime kwanza hisia na mapigo ya damu mguuni, na aandike saa na dozi kwenye barua ya rufaa, maana ganzi inaweza kuficha uvimbe wa ndani unaoua misuli.

Wakunga wanatumia altrasaundi kwa wajawazito. Wizara ya Afya, wafundisheni na matabibu wa dharura vijijini!