Kelbena Kali Katika Uvumba



Ubani twaujua sote. Je, kelbena? Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 30, Mungu alimwamuru Musa aichanganye na ubani safi katika uvumba wa hekalu la hema. Ni utomvu wa mmea uotao milimani huko Irani. Ukiinusa peke yake ni kali, chungu, kama majani mabichi yaliyopondwa.

Mwaka 1947, vita vikuu vimekwisha, bibi mmoja wa Ufaransa, Germaine Cellier, aliitia kelbena kwa wingi katika marashi ya Balmain ya Paris. Yaliitwa Vent Vert, maana yake Upepo wa Kijani. Hayakunukia maua matamu tu, bali majani na nyasi mbichi. Leo wachache huyataja, ila marashi mengi ya namna hiyo yalifuata njia yake.

Walimu wa Kiyahudi wa kale walifundisha hivi: kelbena inanuka vibaya, hata hivyo Maandiko yameihesabu katika uvumba. Basi mfungo usio na wakosefu ndani yake si mfungo.

Ndugu msomaji, mimi karani wa parokia nilipoandika orodha ya kamati ya mavuno, niliruka jina la mama mmoja kwa sababu ya ulimi wake mkali. Jana nililiandika. Nawe, katika jumuiya yako, umemwacha nani nje?