Jumamosi Moja Kwihara

Kama wikiendi zenu ni baa na nyama choma tu, mwezi huu mchukue mwenzio mwende Kwihara. Kutoka Tabora mjini ni kilomita sita hivi, bajaji inatosha.

Hapo ndipo lilipo tembe la Livingstone, lililojengwa upya karne iliyopita: kuta nene za udongo, paa bapa, ndani ubaridi hata jua la Oktoba likichoma. Alifika na Stanley mwaka 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi; mzee akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Miezi mitano! (Sisi tunanuna meseji isipojibiwa dakika kumi.)

Picha mtapiga mlangoni, nakshi zile ni kazi ya fundi hasa. Ila njia hiyohiyo ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na matajiri wa matembe ya namna hii walineemeka kwayo. Wapo wanaosema mada hiyo inaharibu mtoko. Mimi nakataa. Mtu unayetaka kuzaa naye, msikie anasemaje kuhusu waliopita hapo na minyororo shingoni. Huenda babu wa mmoja wenu alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi, na wa mwingine ndiye aliyekuwa akiuza watu.

Mkirudi mjini, piteni sokoni mkachukue asali ya miombo. Na viatu vyeupe viacheni nyumbani, vumbi la huko si mchezo.