Vumbi la Kibaha lina uzito, halina jina

Kwa miaka mingi madereva wa malori waliijua Kibaha kwa mizani yake, kabla kazi hiyo haijahamia Vigwaza. Mizani ilisema tani, basi. Kujua kama mzigo ni saruji au mbolea ilibidi turubai lifunuliwe.

Vipimo vya bei nafuu vya vumbi la hewani vina tabia hiyo hiyo. Vinataja mikrogramu katika mita moja ya ujazo, havisemi ni vumbi la nini. Kwa mwenye kiwanda hilo si jambo dogo. Kanuni za viwango vya hewa zipo tangu 2007, na mkaguzi akikuta kipimo kimepanda, kidole huelekea kwenye bomba la moshi lililo karibu. Kumbe Barabara ya Morogoro ina moshi wa dizeli mchana na usiku, na upande wa Kisarawe kuna matanuri ya mkaa na udongo mweupe wa Pugu. Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki, vumbi la Kisarawe huelekea Kibaha. Nani alipe?

Jibu limo ndani ya chembe zenyewe. Udongo wa Pugu, yaani kaolini, una aluminiamu na silikoni. Moshi wa kuni una masizi na potasiamu. Tanuri linaloyeyusha vyuma chakavu vyenye mabati hutoa zinki, pengine na risasi. Mwaka 2005 na 2006 Stelyus Mkoma na watafiti wenzake walikusanya vumbi kwenye vichujio Dar es Salaam na Morogoro, likachambuliwa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Kwa sayansi ni kazi ya kuheshimika. Kwa mgogoro wa faini, majibu ya namna hiyo hufika moshi ukiwa umeshatawanyika.

Mitambo ya kujibu papo hapo ipo. Katika miaka ya 1990 Kimberly Prather wa Chuo Kikuu cha California alitengeneza mtambo unaoipasua chembe moja moja kwa leza na kuvipima vipande vyake. Bei ya mitambo ya aina hiyo ni mamia ya maelfu ya dola, na hakuna haja ya kuanzia huko. Etalometa, ambayo hupima masizi kwa mwanga, hutenganisha moshi wa kuni na wa dizeli kila baada ya dakika chache. Mtambo wa eksirei huhesabu madini kila saa. Viwanda vya Kibaha vikichangishana, vikaweka jozi moja kwao na nyingine Kisarawe chini ya usimamizi wa NEMC, mzigo unabebeka.

Wapo watakaokataa kuchanga, na sababu inajulikana. Anayewasha tanuri usiku na kuzima chujio ili kuokoa umeme ananufaika na kipimo kisichotaja majina. Mtambo ukionyesha zinki saa tisa usiku, hatapata wa kumsingizia, hata mchoma mkaa wa Kisarawe.